Pampu ya Kuzungusha Maji ya Moto Nyumbani: Nani Anaihitaji na Namna ya Kuitumia

Asubuhi za Juni hadi Agosti katika kata za nyanda za juu, kama zile za Njombe na Makete, maji yatokayo bombani huwa baridi kiasi cha kutia vidole ganzi. Katika nyumba zilizowekewa hita ya umeme au mtambo wa kupasha maji kwa jua, mtu hufungua koki ya maji ya moto, kisha husimama akisubiri. Maji yanayotangulia ni yale yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha yakapoa. Huachwa yamwagike mpaka ya moto yafike, na wiki ya mgao inapoingia, kaya hiyo hujikuta na tangi lililo nusu.

Kiasi kinachopotea kinahesabika. Bomba la PPR la milimita 25, ambalo uwazi wake wa ndani ni kama milimita 17, hubeba takriban lita 0.22 katika kila mita moja. Ikiwa bafu liko mita 25 kutoka kwenye hita, ndani ya bomba hilo kuna lita tano na nusu za maji yaliyopoa. Familia inayosubiri hivyo mara nne kwa siku humwaga lita 22, yaani zaidi ya ndoo kubwa moja, na kwa mwezi wa siku 30 jumla hufika lita 660. Hiyo ni karibu theluthi mbili ya tangi la lita 1000. Kwa kweli hupotea zaidi ya hapo, kwa kuwa kuta za bomba nazo hunyonya joto la maji ya kwanza kupita.

Kifaa kinachotengenezwa kwa ajili ya kuondoa usumbufu huo ni pampu ya kuzungusha maji ya moto. Isichanganywe na pampu nyingine zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Iko pampu ya kupandisha maji kutoka kisimani au tangi la chini hadi tangi la juu, na iko pampu ya kuongeza msukumo bafuni. Pampu ya kuzungusha haifanyi lolote kati ya hayo. Kazi yake ni kuyasukuma polepole maji yaliyopoa kutoka mwisho wa bomba la moto na kuyarudisha kwenye hita, ili nafasi yake ichukuliwe na ya moto. Kwa kuwa mzunguko wenyewe umejaa maji tayari, pampu haibebi uzito wa kuyapandisha. Hushindana na msuguano wa ndani ya bomba tu. Ndiyo maana ni ndogo, hukaa kiganjani, na nyingi hutumia wati chache kuliko taa za nyumba nzima za zamani.

Kuchanganya pampu hizi kumewahi kuleta ugomvi wa majirani. Mkazi anayefunga pampu ya kunyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kabla ya maji kuingia katika tangi lake, huwanyima maji walio juu yake na huweza kuvuta uchafu kuingia kwenye mtandao kupitia mahali palipopasuka. Mamlaka za maji haziruhusu jambo hilo. Pampu ya kuzungusha, ikifungwa ipasavyo, hukaa upande wa ndani kabisa, baada ya tangi na baada ya hita, wala haigusi maji ya jirani.

Kabla ya kununua chochote, mkazi achukue ndoo. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kutumia maji, afungue koki ya moto iliyo mbali kuliko zote na kukinga maji mpaka yawe ya vuguvugu. Yakipatikana lita mbili au tatu, pampu haina kazi katika nyumba hiyo. Ndoo yenyewe inatosha, na maji yaliyokingwa yatafulia au kudekia. Nyumba nyingi za vyumba vitatu, zenye hita juu ya dari ya bafu, zimo katika kundi hili, na fundi anayemsukuma mwenye nyumba ya namna hiyo anunue pampu anamuuzia mzigo. Vilevile, shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo haina tangi la kuhifadhi maji ya moto, hivyo hakuna cha kuzungusha. Yakizidi lita sita au saba, kama ilivyo kawaida katika nyumba ndefu, nyumba za kupangisha zenye mabafu kadhaa, au nyumba za wageni, hapo suala la pampu linastahili kufikiriwa.

Hata hivyo, hesabu ya fedha isemwe wazi. Lita 660 hazifiki uniti moja ya maji, kwani uniti moja ni lita 1000. Pampu ya wati 60 ikiachwa iwake saa 24, hutumia uniti 1.44 za umeme kwa siku, sawa na uniti 43 kwa mwezi. Kaya iliyo katika daraja la D1, ambalo matumizi yake hayapaswi kuzidi uniti 75 kwa mwezi, ikiwa tayari inatumia uniti 50, itavuka mpaka huo na kujikuta ikinunua umeme kwa bei ya juu zaidi kwa sababu ya pampu moja tu. Juu ya hayo, bomba lenye maji ya moto mchana kutwa hupoteza joto ukutani na darini, na hita hulazimika kulirudisha. Hasara hiyo ya joto huweza kuzidi umeme wa pampu yenyewe mara kadhaa. Kwa hiyo pampu inayowaka wakati wote huokoa maji na kuunguza fedha.

Dawa yake ni kuidhibiti. Njia bora kwa nyumba ya kawaida ni kitufe: mtu anayekwenda kuoga anakibonyeza, pampu inafanya kazi dakika mbili au tatu, kisha kihisi joto kilichofungwa kwenye bomba kinaizima maji ya moto yanapofika. Pampu ile ile ya wati 60, ikiwaka robo saa tu kwa siku, haimalizi hata nusu uniti kwa mwezi. Palipo na ratiba isiyobadilika, kama bweni au nyumba ya wageni, saa ya kuwasha na kuzima hufaa zaidi. Kwa saa moja na nusu kwa siku matumizi hayafiki uniti tatu kwa mwezi. Pampu isiyo na kitufe, saa wala kihisi joto ni bora iachwe dukani, hata ikiwa rahisi.

Dukani, jambo la kwanza la kukagua ni mwili wa pampu. Zipo pampu za chuma cha kusubu, ambazo zimetengenezwa kwa mifumo iliyofungwa ya kupasha moto vyumba katika nchi za baridi kali, ambako maji yale yale huzunguka mwaka mzima. Maji ya kuoga huingia mapya kila siku yakiwa na hewa ya oksijeni, na chuma hicho hushika kutu. Maji hugeuka rangi ya chai na pampu hukwama. Kwa maji ya matumizi ya nyumbani itafutwe pampu yenye mwili wa shaba nyekundu, shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, hata kama bei yake inazidi. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo aulizwe maelezo ya mtengenezaji yaliyo ndani ya boksi. Jambo la pili ni namba za kibandiko. Alama kama 25/4 au 25/6 kwa kawaida hutaja kipenyo cha maungio kwa milimita na kimo cha msukumo kwa mita. Nyumba ya ghorofa moja haihitaji zaidi ya mita 4. Pampu kubwa kupita kiasi huleta kelele na kula kingo za maungio. Alama ya ubora ya TBS nayo iangaliwe.

Ufungaji unahitaji bomba la pili la kurudisha maji kutoka bafu la mwisho hadi hita. Nyumba ikiwa bado inajengwa, bomba hilo lilazwe sasa kabla ya kupiga plasta, hata kama pampu itanunuliwa miaka mitano ijayo. Gharama yake wakati huo ni ndogo mno ukilinganisha na kupasua vigae baadaye. Katika nyumba iliyokwisha kujengwa, ipo vali maalumu inayofungwa chini ya sinki la mwisho na kuyapitisha maji yaliyopoa kwenye bomba la baridi. Inafanya kazi, ila koki ya baridi hutoa maji ya uvuguvugu kwa muda, jambo linalowakera wanaokinga maji ya kunywa hapo.

Pampu ifungwe kwenye bomba la kurudisha, karibu na hita, mshale wake ukielekea hita, na mhimili wake ukilala mlalo. Pawepo vali ya njia moja. Bila vali hiyo, mtu anapofungua koki ya moto, maji ya chini ya hita, ambayo ni baridi, hupitia bomba la kurudisha na kuchanganyika na ya moto. Wengi wamelaumu hita nzima kumbe kasoro ni kifaa hicho kidogo. Geti valvu mbili, moja kila upande, humwezesha fundi kuitoa pampu bila kumwaga maji ya nyumba. Mabomba yote ya moto yavikwe sponji ya kuhifadhi joto. Kwenye mtambo wa jua, pampu isiwake usiku wa manane: huchota joto lililokusanywa mchana na kulimwaga ukutani, na alfajiri familia hukuta tangi la vuguvugu.

Umeme wa pampu uungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ukiwa na waya wa athi na kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja. Pampu imezungukwa na maji, na anayeguswa na hitilafu ni mtu aliyesimama bafuni akiwa amelowa.

Kinachoua pampu nyingi katika maeneo ya mgao ni ukavu. Nyingi za pampu hizi hupozwa na kulainishwa na maji yanayopita ndani yake. Tangi la juu likiisha na koki zikafunguliwa, hewa huingia kwenye bomba. Pampu ikiwaka hapo huvuma, hupata moto na kuungua. Siku ya mgao swichi yake izimwe, na maji yakirudi, hewa itolewe kwanza kwa kufungua koki za moto mpaka mkondo uwe mtulivu.

Joto la hita lisishushwe chini ya nyuzi 60 kwa nia ya kubana umeme. Kati ya nyuzi 20 na 45 hustawi bakteria wa Legionella, waliopata jina lao baada ya mlipuko wa homa ya mapafu miongoni mwa waliohudhuria mkutano wa wanajeshi wastaafu mjini Philadelphia mwaka 1976. Lakini maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima ndani ya sekunde chache, na mtoto upesi zaidi. Katika nyumba yenye pampu, yale maji baridi ya kwanza yaliyokuwa yakimpa mtoto nafasi ya kuondoa mkono hayapo tena. Beseni la kuogeshea mtoto litiwe maji baridi kwanza, na koki ya moto iliyo kwenye kimo cha watoto ifungiwe vali ya kuchanganya maji.

Baada ya kufunga, mwenye nyumba aandike usomaji wa mita ya maji na uniti za LUKU kwa siku 30, kisha alinganishe na mwezi uliotangulia. Uniti za umeme zikipanda kwa zaidi ya chache, saa au kihisi joto hakikupangwa sawasawa, na fundi aliyefunga aitwe arekebishe wakati dhamana ya kazi yake ingali hai.