Hakimiliki shuleni: kazi ya mtu ina jina

Mwanafunzi wa Didia leo anapata kitabu, picha au wimbo kwa dakika chache tu. Kitabu anatumiwa kwa WhatsApp, picha anaitoa intaneti kwa simu ya mzazi, na nyimbo anaingiziwa kwenye memori kadi kibandani. Mara nyingi kinachodondoka njiani ni jina la mtu aliyeifanya kazi hiyo. Katika makala hii tunaeleza sheria inasemaje, mwanafunzi anaruhusiwa nini, na kwa nini jambo hili linamhusu hata yule asiyedhani kwamba yeye ni msanii.

Mzee Ngosha na nembo ya taifa

Tuanze na mchoro ambao kila mwanafunzi anaufahamu: nembo ya taifa, yenye mwanamume na mwanamke, ngao katikati na maneno "Uhuru na Umoja". Ukiuliza darasani nani aliichora, wengi watanyamaza.

Mwaka 2017 vyombo vya habari vilimtangaza mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, jina ambalo sisi wa Usukumani hatuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa akiishi Buguruni, Dar es Salaam, katika hali ya umaskini, na alieleza kwamba yeye ndiye aliyeichora nembo hiyo. Wapo waliokubali, na wapo waliotaja mtu mwingine. Mwezi Mei mwaka huohuo alifariki dunia akiwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na mjadala wa nani hasa alikuwa mchoraji ukabaki.

Hatuwezi kuamua mjadala huo hapa. Tunachokiona ni kwamba jina lisipoandikwa mapema pamoja na kazi, baada ya miaka mingi hata mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kusimama akasema "hii ni yangu" na asiwe na karatasi ya kuonyesha.

Sheria inalinda nini?

Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Msimamizi wake ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA.

Sheria inalinda vitabu, mashairi, hotuba, nyimbo, michezo ya kuigiza, michoro, picha, filamu na programu za kompyuta. Ulinzi huo unaanza pale kazi inapoundwa. Kusajili COSOTA kunasaidia kupata ushahidi, lakini haki haisubiri usajili. Maana yake shairi lililoandikwa kwa kalamu kwenye daftari la kidato cha pili lina mwenyewe kisheria, sawa na kitabu kilichopigwa chapa.

Wazo tupu halilindwi. Wanafunzi kumi wanaweza kuandika kuhusu ukame, kila mmoja kwa maneno yake, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Habari za siku, maandishi ya sheria na hukumu za mahakama navyo haviko chini ya ulinzi huu.

Haki za mtunzi ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya kiuchumi: kuruhusu au kukataza kazi yake isinakiliwe, isiuzwe, isitangazwe. Ya pili ni ya heshima: kutajwa kama mtunzi, na kazi yake isipotoshwe. Haki za kiuchumi zinadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert, kwa mfano, alifariki mwaka 1962, kwa hiyo miaka hiyo 50 ilitimia 2012. Hata hivyo, ukitumia fungu kutoka Kusadikika leo bila kumtaja, bado umejipa sifa isiyo yako, na mwalimu ana haki ya kukukata alama.

Mwanafunzi anaruhusiwa nini?

Sheria haikumfungia mwanafunzi mlango. Unaruhusiwa kunukuu sehemu ya kazi iliyokwisha kuchapishwa, kwa kiasi kinachohitajika na kwa haki, mradi utaje chanzo na jina la mtunzi. Mwalimu naye anaruhusiwa kutumia sehemu ya kazi kama mfano wa kufundishia. Kutoa nakala ya kitabu kizima kinachouzwa dukani kisha kuwauzia wenzako bweni zima ni jambo jingine kabisa.

Kwa insha au kazi ya mradi, fanya hivi:

Maneno ya mtu uliyoyachukua kama yalivyo, yawekee alama za kunukuu, kisha andika jina lake, jina la kazi na mwaka. Mfano: Shaaban Robert, Kusadikika, 1951.

Ukieleza hoja ya mtu kwa maneno yako, bado mtaje. Kubadilisha maneno mawili matatu hakuifanyi hoja kuwa yako.

Picha kuonekana kwenye Google si ruhusa ya kuitumia. Tafuta ilikotoka na masharti yake. Zipo kazi ambazo wenyewe wamezifungulia wote. Maandishi ya Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, unaweza kuyatumia ukitaja chanzo na kufuata masharti yake.

Na nyimbo za asili?

Hapa kwetu swali hili ni la lazima. Nyimbo za bugobogobo shambani, ngoma za Wagika na Wagalu, vitendawili na hadithi za mababu havina mtunzi mmoja anayejulikana. Sheria inavitambua kama sanaa za jadi. Kuvitumia kwa elimu kunaruhusiwa bila kibali. Anayevitoa nje ya mazingira yake ya jadi ili apate faida anahitaji kibali. Anayevichapisha anatakiwa ataje jamii au mahali vilikotoka. Kwa hiyo ukiandika wimbo wa bibi yako kwenye gazeti la ukutani, andika: wimbo wa Wasukuma, Didia, Shinyanga. Ila wimbo wa manju aliyerekodi kwa jina lake ni mali yake, hata kama ameuimba kwa Kisukuma.

Fedha zipo ndani yake

Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo kuwalipa wasanii MwanaFA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kampuni hiyo ilikata rufaa. Nyimbo hizo wengi walizichukulia kuwa burudani ya kupita, lakini mbele ya hakimu zilihesabiwa kama mali.

Sasa mfikirie binti wa kidato cha tatu aliyetunga wimbo wa mahafali. Mtu anaurekodi kwa simu, wiki mbili baadaye unapigwa kwenye vibanda vya machimbo ya Geita, na hakuna anayejua umetoka kwake. Ili kujikinga, aandike mashairi ya wimbo huo kwenye karatasi, aweke jina lake, shule na tarehe, ampe mwalimu nakala, na aanze kurekodi kwa kutamka jina lake. Akiona wimbo una soko, aende COSOTA akausajili.

Nanyi wanafunzi mnaotaka kututumia mashairi, ngonjera na nyimbo, andikeni juu kabisa nani ametunga, siyo nani ametuma tu. Tukiisoma kazi hiyo hewani, jina hilo ndilo tutakaloanza nalo.