Mchunga: tuutambue, tuupande, tusiuache upotee

Ukimuuliza kijana wa mjini mchunga ni nini, atakwambia ni ile mboga chungu inayouzwa kwa mafungu sokoni. Mpeleke shambani auchume mwenyewe, utamuona anasita. Hili ndilo linalonitia wasiwasi. Viwanja tulivyozoea kuchuma vinajengwa, na vilivyobaki vinapigwa dawa ya magugu. Mboga inayojulikana kwa ladha tu, hakuna atakayeitetea inapong'olewa.

Mchunga, ambao ndugu zetu Wamijikenda huuita mutsunga, ni mmea wa asili wa Afrika. Wataalamu wanaujua kwa jina la Launaea cornuta, nayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliutaja katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu mimea ya vyakula vya asili. Umo katika ukoo mmoja na alizeti na saladi. Ukoo huu una ajabu yake: unachokiona kama ua moja ni maua madogo mengi yaliyokusanyika pamoja. Pasua ua la mchunga utazame. Kila kinachofanana na petali ni ua kamili, linaloweza kutoa mbegu yake yenye nyuzi nyeupe za kupeperushwa na upepo.

Kuutambua, mimi hutazama mambo manne. Kwanza, nikikata jani hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Pili, majani mengi yamejikusanya chini karibu na ardhi, marefu na membamba, na mara nyingi yana ncha za pembeni zilizopinda kurudi nyuma. Tatu, shina la maua husimama, lina uwazi ndani, na laweza kupita mita moja. Nne, ua ni la manjano tupu.

Maziwa peke yake hayatoshi. Mnyaa nao una maziwa, na hayo ni sumu, yakiingia jichoni ni balaa. Kuna pia mgeni aliyetoka Ulaya, Sonchus oleraceus, mwenye maziwa na maua ya manjano. Huyo kingo za majani yake zina meno meno, na ukimng'oa utakuta mzizi mmoja ulioshuka chini. Mchunga hutambaa chini ya ardhi na kuchipua pembeni. Kama hujahakikisha, usile. Muonyeshe kwanza mtu mzima anayeujua.

Kutambaa huko ndiko kunakowaudhi wakulima: jembe likikata, kila kipande huota upya. Anayetaka kupanda hiyo ni bahati yake. Chimba vipande vya mizizi hiyo inayotambaa, vyenye urefu wa kidole, uvilaze kwenye udongo kina cha vidole viwili. Vizuri iwe mvua za masika au vuli zimeanza, la sivyo mwagilia mpaka vichipue. Mimi hupanda kwenye karai kuukuu lililotobolewa chini, kwa sababu ukiuachia bustani nzima utaichukua. Uweke penye jua. Chuma majani machanga kabla shina la maua halijapanda, kwani baadaye uchungu huzidi. Acha mashina machache yachanue na kutoa mbegu.

Usichume kando ya barabara kuu, kwenye jaa, karibu na maji taka, wala mahali palipopigwa dawa. Jikoni kila nyumba ina lake: wengi huuchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, kisha wakautia tui la nazi na ndimu, au wakauchanganya na mchicha kupunguza ukali.

Neno moja kwa wazazi wetu wenye sukari na presha. Husikia watu wakisema chungu hushusha sukari, basi mgonjwa akila mchunga anaweza kupumzika dawa. Uchungu wa mboga si kipimo cha dawa. Ule kama mboga, dawa uendelee nazo, na ukitaka kubadilisha chochote muulize daktari wako.

Mvua zijazo, kabla hujampa kibarua kazi ya kufyeka uwanja, zunguka kwanza na watoto. Mkiuona mchunga, wakate jani waone maziwa, kisha chimbeni kipande mkapande nyumbani.