Fishi ya Kigoma, Prizi ya Kabambare

Wadogo zangu wa Kabambare na Kasongo, shikeni fishi ya chombo kilichopitia Kigoma, iwe ya pasi, iwe ya birika la umeme. Ina meno matatu bapa, manene, na moja ni refu kuliko wenzake. Sasa itafuteni prizi iliyofungwa ukutani kwa mtindo wa Kibelgiji. Ina matundu mawili ya mviringo yaliyozama ndani, na kando yake jino la chuma limechomoza kutoka kwenye prizi yenyewe. Fishi ile haiingii hapo hata ukiisukuma kutwa. Ndugu zetu wa Kigoma, ambao husema plagi na soketi, nao wakipata chombo cha kwetu hukwama vilevile.

Kukwama huku kulianza zamani, na kulianzia kwenye barabara yetu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji ilipita Kabambare kwenda Kasongo, mji wa mfanyabiashara Tippu Tip, na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Msafiri Livingstone alikaa hapa Kabambare miezi mingi mwaka 1870. Katika maandishi yake aliuita mji huu Bambarre. Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma, na mizigo ya kwetu ikaendelea kutoka upande uleule wa ziwa. Bidhaa, basi, zilitujia kutoka mashariki. Lakini waliokuja kututawala walitoka kwingine: Ubelgiji iliishika Kongo mwaka 1908 na kuiachia mwaka 1960, na ng'ambo ya ziwa, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakatawala Waingereza. Serikali ndiyo iliyopanga umeme wa majengo, na mfanyabiashara ndiye aliyeleta chombo. Kwa hiyo ukuta wetu ukawa wa Kibelgiji, na pasi yetu ikawa ya Kiingereza.

Hiyo fishi ya Kiingereza ina kisa ninachokipenda. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza iliunda kamati ya watu 20 kupanga umeme wa nyumba zitakazojengwa vita vikiisha. Katika hao 20 mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi wa umeme. Yeye alishikilia kwamba prizi imlinde mtoto anayecheza sakafuni na msumari mkononi. Kazi ya kamati ile ikazaa kanuni iliyotolewa mwaka 1947. Nyuma ya matundu mawili ya umeme kuna vifuniko, na kinachovifungua ni lile jino refu linapoingia kwanza kwenye tundu la juu. Mtoto akichomeka msumari kwenye tundu la chini, anakutana na mlango uliofungwa.

Shaba nayo ilikuwa haba kwa sababu ya vita. Wakaamua waya mmoja uzunguke nyumba na kulisha prizi zote, na kwa kuwa waya huo hubeba umeme mwingi, kila fishi ikapewa fyuzi yake ndogo ndani ya tumbo lake. Fungueni fishi ya Kigoma mtaiona. Ndiyo maana ni nene vile. Kenya, Uganda, Tanzania, hata Oman na Dubai, wote hutumia fishi hiyo. Inaniuma ninapoona mtu anachomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili prizi ikubali chaja ya meno mawili. Anaufungua kwa kijiti mlango uleule aliofungiwa mtoto.

Wabelgiji na Wafaransa walifikiri kwa njia nyingine, nayo ni ya akili pia. Waliizamisha prizi ndani ili kidole kisiguse meno ya fishi wakati yanaingia, na jino la tatu wakaliacha likae ukutani. Fishi yao ina tundu la kulipokea. Wajerumani, badala ya jino hilo, waliweka vibamba viwili vya chuma pembeni, kazi ya Albert Büttner wa Bavaria. Leo fishi nyingi za Ulaya zimeundwa zikubaliane na ukuta wa Mjerumani na wa Mbelgiji pia.

Jino hilo la tatu linafanya nini? Hapa nisikilizeni vizuri. Ndani ya waya wa pasi mna nyaya tatu. Wa kwanza huleta umeme, wa pili huurudisha, na wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, hukaa bila kazi siku zote za uzima. Umefungwa kwenye bati la pasi, na mwisho wake uko ardhini. Siku waya wa kwanza ukichubuka na kugusa bati, umeme huufuata waya wa tatu kwenda ardhini, kama maji ya mvua yanavyofuata mfereji uliochimbwa kando ya nyumba. Hupita kwa wingi hadi fyuzi inaungua, na umeme unakatika. Waya huo usipokuwepo, bati hubaki na umeme, na atakayeligusa akiwa pekupeku kwenye sakafu ya udongo, mwili wake ndio unakuwa mfereji.

Sasa tazameni kinachotokea katika mji wa njia panda kama wetu. Mwingereza aliweka jino la ardhi kwenye fishi, Mbelgiji akaliweka ukutani. Adapta nyingi za bei rahisi huunganisha nyaya mbili za kwanza na kuusahau wa tatu. Zile ralonji zenye matundu yanayokubali kila fishi hufanya hivyohivyo: fishi ya mviringo inaingia, lakini tundu lake la ardhi halikuti jino lolote. Chai inachemka, nguo zinanyooka, wala hakuna taa inayowaka kukuambia kwamba kinga imebaki njiani.

Chaja ya simu yenye meno mawili membamba haina shida hiyo. Tafuteni juu yake alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake kinga yake imetengenezwa bila waya wa ardhi.

Fishi ya Marekani ni habari nyingine. Ndugu zetu wengi waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 mkoani Kigoma, baadaye walihamishiwa Marekani, na fishi ya huko ina meno mawili bapa, membamba. Adapta itaiingiza, ila umeme wa huko ni volti 120 na wetu ni 220. Chombo cha kupasha moto kilichotengenezwa kwa 120 kitavuta nguvu zaidi ya mara tatu ya ile kiliyopangiwa, na kitaungua. Kikiwa kimeandikwa 100–240V, hakina neno.

Mwaka 1986 tume ya kimataifa ya umeme ilitoa fishi moja ambayo dunia yote ingeweza kuitumia. Brazil na Afrika Kusini waliichukua. Wengine walitazama mamilioni ya prizi zilizokwisha kufungwa, wakaona ni heri wabaki walipo.

Kwetu nyumba nyingi hutumia pano ya jua na betri, au jenereta, na kuta bado ni tupu. Ninyi ndio mtakaofunga prizi za kwanza humo. Ningeomba mfunge ile ya mviringo yenye jino, kwa kuwa ndiyo ya nchi yetu, na chombo cha Kigoma fundi akibadilishe fishi kabisa, nyaya zote tatu, badala ya adapta. Fishi mpya haitakuwa na fyuzi, kwa hiyo waya wa prizi hizo uwekewe kikata umeme cha ampea 16. Halafu fimbo ya shaba ipigiliwe kwenye udongo wenye unyevu nje ya nyumba, na ule waya wa kijani na njano ufungwe hapo. Prizi yenye jino lisilofika kwenye fimbo hiyo haina tofauti na yenye matundu mawili matupu.