Kiwavi wa mchungwa: adui au mtaji?

KWA mkulima wa Nyegezi mwenye miche ya michungwa au milimao, kiwavi ni adui. Akionekana asubuhi kwenye jani changa, hukanyagwa au kupuliziwa dawa. Kumbe Muheza, mkoani Tanga, viwavi wa vipepeo waliwahi kuwa zao la biashara.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa vijiji vinavyozunguka msitu wa Amani walijenga vibanda vya chandarua na kupanda miti ambayo kila aina ya kiwavi hula. Waliuza pupa, yaani kiwavi aliyekwisha kujifungia ndani ya ganda, kwa vituo vya maonyesho Ulaya na Marekani. Ni mali isiyongoja: ikichelewa njiani, kipepeo hutoka ndani ya kasha na hasara ni ya muuzaji.

Pigo lilikuja Machi 2016, Serikali ilipozuia kwa miaka 3 kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo wakiwamo. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi 6, nayo ikasitishwa mara moja. Kwa hiyo anayeota soko la nje aanze kwa kuuliza Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), kabla ya kununua hata msumari.

Anza na mche mmoja

Kujifunza, hata hivyo, hakuna gharama kubwa. Kipepeo wa michungwa, Papilio demodocus, ni mweusi mwenye madoa ya manjano. Hutaga yai moja moja kwenye majani machanga. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na akiguswa huchomoza pembe mbili laini zenye harufu kali.

Miche midogo huumia, hivyo waokote kwa mkono. Wachache watie kwenye ndoo iliyofunikwa chandarua, uwape kila siku majani mapya yasiyo na dawa, na kijiti cha kujishikiza.

Akitoka kipepeo, mpige picha kwa simu mabawa yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa. Andika tarehe, mahali na mmea aliolelewa. Asubuhi kabla ya jua kali huwa mzito, haruki upesi.

Utambuzi huu unalipa hata shambani. Papasi za kipepeo zina kirungu kwenye ncha. Za nondo kwa kawaida hazina. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini mwaka 2017, ni mtoto wa nondo, na usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa. Huyo kwenye mahindi hafugwi.

Soko la ndani je? Kituo cha vipepeo cha Pete, Zanzibar, kiliwatoza wageni kiingilio. Mwanza nayo ina Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, inayopokea watalii. Fursa ipo, lakini mtaji wa kwanza uwe ndoo na chandarua, si mkopo.