Mtoto anachelewa? Baba naye apimwe

Mama, mwaka umepita mnatafuta mtoto, na maneno ya ndugu yanakuelekea wewe peke yako. Kabla hujaanza dawa nyingine, jua hili: kwa karibu nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mtoto, tatizo lipo pia upande wa mwanaume. Kuvimba kwa tezi dume ni mojawapo.

Tezi dume ni nini?

Ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo. Hutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Inaweza kuvimba kwa sababu ya bakteria wa njia ya mkojo au magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia. Wakati mwingine bakteria hawaonekani kabisa. Kuvimba huku si saratani, na huwapata hata vijana.

Dalili zake

- Maumivu ya kinena, kiuno au nyuma ya korodani
- Kukojoa mara kwa mara, au mkojo kuchoma
- Maumivu wakati wa kutoa shahawa

Akiwa na homa na kutetemeka, au akishindwa kukojoa, awahi hospitali siku hiyo hiyo.

Kinga ya mwili inaingiaje?

Tangu utotoni, kinga hujifunza kutambua vilivyo vya mwili. Mbegu za kiume huanza kutengenezwa wakati wa balehe, kwa hiyo kinga haizijui. Mwili huzilinda kwa ukuta maalumu ndani ya korodani. Jeraha, upasuaji au maambukizi yakiuharibu ukuta huo, kinga huziona mbegu kama adui na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Mbegu hugandana, hupoteza mwendo na kushindwa kupita kwenye mlango wa kizazi. Mwanaume huyu anaweza kuwa na nguvu za kiume kama kawaida, asihisi lolote.

Mfanye nini?

Nendeni kliniki pamoja. Baba atapimwa mkojo na shahawa, baada ya kukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Daktari akiona haja, ataagiza kipimo cha kingamwili.

Bakteria wakipatikana, atapewa antibiotiki, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Azimalize hata akipata nafuu. Kama ni ugonjwa wa zinaa, mtibiwe wote wawili. Mbegu mpya huchukua takriban miezi 3 kukomaa, hivyo msikate tamaa mapema. Tatizo likiwa kingamwili, daktari anaweza kushauri mbegu ziwekwe ndani ya kizazi, au yai lirutubishwe maabara. Dawa za kuongeza nguvu za kiume haziponyi hali hii.

Kama una mtoto wa kiume

Akilia maumivu ya ghafla ya korodani, usimkande wala usingoje kesho. Huenda korodani imejinyonga, na huokolewa vizuri zaidi ndani ya saa 6.

Ukizungumza na mwenzako, usimwambie, "Nenda ukapimwe." Mwambie, "Twende tukapimwe."