Kiti na Mkaliaji Wake: Upatanisho wa Kisarufi na Maana ya Mamlaka katika Lugha ya Habari za Zamani

Huko Bujora, katika eneo la Kisesa, mashariki mwa mji wa Mwanza, Makumbusho ya Wasukuma yana banda la kitemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha ntemi. Anayelitazama haelezwi kuwa kiti ni ishara ya utawala. Analiona jambo hilo kwa macho. Lugha ya magazeti ya Kiswahili nayo imelitumia neno kiti kwa taashira hiyohiyo, lakini imeipa sarufi yake. Makala haya yanafafanua sarufi hiyo kwa kurejelea habari za siasa za Tanzania za miaka ya 1960 hadi 1980. Sentensi za mfano zimeundwa na mwandishi kwa kufuata ruwaza za habari hizo.

Maana ya kwanza ni samani. Ya pili ni nafasi ya uwakilishi: katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Hapa vitenzi ndivyo vinavyotofautisha maana. Kiti cha enzi hurithiwa ndani ya ukoo; kiti cha uchaguzi hugombewa, hutetewa, hupotezwa, na huweza kubaki wazi. Utawala wa watemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, kilichobadilika katika habari za Usukuma si nomino tu, bali pia vitenzi vilivyoandamana nayo.

Maana ya tatu ni mamlaka ya anayeongoza kikao. Linganisha:

(1) Mwenyekiti ameahirisha mkutano.
(2) Kiti kimeahirisha mkutano.
(3) *Kiti ameahirisha mkutano.

Nomino kama kiongozi na kijana zina kiambishi cha ngeli ya KI-VI, lakini huchukua upatanisho wa viumbe hai: kiongozi amesema, vijana wamefika. Kiti hakifuati mkondo huo, ingawa aliyeahirisha mkutano katika (2) ni mtu. Kwa maoni yetu, ukaidi huo una kazi. Upatanisho wa ki- unakitenga cheo na mwenye cheo: anayepinga uamuzi wa kiti hajamtukana aliyekikalia, na anayekikalia hawezi kudai kuwa kiti ni yeye.

Neno mwenyekiti linathibitisha utengano huo. Wingi wake, wenyeviti, hubadilisha sehemu zote mbili, mwenye na kiti. Ishara kwamba mtu na kitu chake bado vinahesabiwa mbalimbali ndani ya neno moja. Aidha, neno halibainishi jinsia, hivyo mwanamke aliyeshika cheo hakuhitaji kuundiwa jina jingine.

Kwa msomaji wa nyaraka, suala hili lina uzito. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais wa TANU. CCM ilipoundwa mwaka 1977, kiongozi wake mkuu aliitwa Mwenyekiti. Hadi mwaka 1985, Rais wa nchi na Mwenyekiti wa chama walikuwa mtu mmoja. Kuanzia mwaka huo, Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais, Nyerere alibaki Mwenyekiti hadi mwaka 1990. Mtafiti anayekutana na "Mwenyekiti amesema" katika habari ya mwaka 1986, akamdhania Rais, atakuwa ameihamisha kauli kutoka kinywa kimoja kwenda kingine. Tena, katika habari ya kijijini, mwenyekiti huyohuyo wa sarufi anaweza kuwa wa kijiji, kwa kuwa vijiji vilipewa uongozi wa namna hiyo na sheria ya mwaka 1975.

Kwa hiyo, anayechambua habari hizo aulize mambo matatu: kitenzi gani kinaandamana na kiti, upatanisho ni wa ki- au wa a-, na habari ni ya mwaka gani. Banda la Bujora linamwonyesha kiti kisicho na mkaliaji. Gazeti linamtaka amtafute aliyekuwa amekikalia siku hiyo.