Hitilafu ya diski kuu

Hitilafu ya diski kuu ni hali ambayo diski kuu ya kompyuta (huitwa pia diski ngumu) inashindwa kusoma au kuandika data ipasavyo. Inaweza kutokea kwa ghafla, au kuja polepole kwa muda wa wiki na miezi. Ikija polepole, mtumiaji hupata nafasi ya kuamua kama diski ibadilishwe au kama tatizo liko mahali pengine. Diski yenyewe hupatikana dukani. Mafaili yaliyomo hayapatikani tena yakipotea bila nakala.

Katika kata ya Njoro, Moshi mjini, kama katika miji mingine ya Tanzania, kompyuta moja mara nyingi hubeba kazi za watu wengi. Duka la steshenari huchapa mitihani na barua na kujaza maombi ya wanafunzi kwenye intaneti. Ofisi ya shule hutunza alama za miaka kadhaa. Huko juu mteremkoni, chama cha ushirika cha msingi huweka hesabu za kahawa iliyopokelewa kutoka kwa wakulima. Diski ikifa siku moja kabla ya malipo, mkulima ndiye anayebaki bila ushahidi wa kilo alizopeleka, isipokuwa kama stakabadhi za karatasi zilitunzwa.

Jinsi diski inavyoharibika

Ndani ya diski kuu kuna sahani moja au zaidi zenye utando wa sumaku. Sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika katika kompyuta nyingi za kawaida, na vichwa vya kusoma na kuandika huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Muundo huo ni wa zamani: diski kuu ya kwanza ya kibiashara, RAMAC ya kampuni ya IBM, ilitoka mwaka 1956 ikiwa na sahani 50 na kuhifadhi herufi milioni 5, yaani takriban ukubwa wa picha moja au mbili za simu ya leo.

Kichwa kikigusa sahani, utando hukwaruzwa na chembe zake huendelea kuharibu sehemu nyingine. Mota inaweza kukwama. Bodi ya saketi iliyo chini ya diski inaweza kuungua. Mara nyingi zaidi, baadhi ya sekta, yaani vipande vidogo vya sahani vinavyobeba data, hupoteza uwezo wa kusomeka kimoja baada ya kingine.

Umeme unaokatika hulaumiwa sana, na si bure, hasa kwa waliopitia mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011. Hata hivyo madhara yake hueleweka vibaya. Diski za kisasa huondoa vichwa juu ya sahani zenyewe umeme unapokatika, hivyo kukatika peke yake ni nadra kukwaruza sahani. Kinachoharibika ni mpangilio wa mafaili yaliyokuwa yakiandikwa wakati huo, na hilo hutengenezeka kwa programu. Hatari kubwa kwa diski yenyewe ni umeme unaporudi kwa kishindo, kwa kuwa ndio unaoweza kuunguza bodi ya saketi. Ndiyo maana fundi mwenye busara humshauri mteja achomoe kompyuta ya mezani umeme unapokatika, na asiichomeke tena mpaka umeme utulie.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari

Vichwa vya diski ya kawaida huelea kwa msaada wa hewa iliyo ndani yake, na hewa hiyo huunganishwa na ya nje kupitia tundu dogo lenye chujio. Watengenezaji wengi hutaja kikomo cha mita 3,048 (futi 10,000) kwa diski inayofanya kazi. Mji wa Moshi uko kwenye mita 700 hadi 950 hivi, na hata vijiji vya Marangu viko chini sana ya kikomo hicho.

Mambo hubadilika mlimani. Kituo cha Mandara kiko mita 2,720, lakini Horombo kiko mita 3,720, ambako kanieneo ya hewa ni chini ya theluthi mbili ya ile ya pwani. Intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo mwezi Agosti 2022, na kompyuta mpakato zinapandishwa huko. Diski ya sahani ikiwashwa Horombo inaweza kufanya kazi bila shida, lakini iko nje ya mipaka iliyopimwa na mtengenezaji. Diski za SSD hazina kichwa wala sahani na haziathiriwi hivyo. Vivyo hivyo diski zilizofungwa kabisa na kujazwa gesi ya heli, zilizoanza kuuzwa mwaka 2013, hazitegemei hewa ya nje, ila hizo hutengenezwa zaidi kwa ajili ya vituo vikubwa vya data.

Dalili, na zinazofanana nazo

Kompyuta kuwa nzito si ushahidi wa diski mbovu. Virusi, diski iliyojaa, kumbukumbu ya RAM iliyo ndogo au joto la kupita kiasi katika mashine iliyojaa vumbi la kiangazi vinaweza kuleta hali hiyohiyo. Dalili zinazoelekeza kwenye diski ni nyingine: kompyuta kuganda kila inapofungua faili fulani, mafaili kubadilika majina kuwa herufi zisizoeleweka, kunakili kunakoanza vizuri kisha kusimama kabisa, au diski kuonekana leo na kutoonekana kesho.

Sauti ya kugonga inayojirudia, “tak, tak, tak”, ni dalili mbaya kuliko zote. Kwa kawaida inamaanisha kwamba vichwa vinashindwa kupata mahali pake. Diski ya namna hiyo inatakiwa kuzimwa papo hapo, kwa sababu kila dakika ya ziada inaweza kuondoa sehemu ya data ambayo ingeokolewa.

Kabla ya kuhukumu diski isiyoonekana, waya wake hubadilishwa, nafasi nyingine kwenye ubaomama hujaribiwa, kisha diski hupelekwa kwenye kompyuta nyingine. Waya wa SATA uliolegea umesababisha diski nyingi nzima kutupwa.

Kumbukumbu za SMART

Karibu diski zote za sasa hujichunguza zenyewe kwa mfumo uitwao SMART na kuweka hesabu ya matatizo. Hesabu hiyo husomwa kwa programu za bure kama CrystalDiskInfo kwenye Windows au smartctl kwenye Linux. Jedwali lake lina mistari mingi, lakini michache ndiyo yenye maana kubwa kwa uamuzi.

Namba 5 huonyesha sekta mbovu ambazo tayari zimebadilishwa na sekta za akiba. Namba 197 huonyesha sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri uamuzi. Namba 198, zilizoshindikana katika ukaguzi. Namba 199 huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi mkosaji ni waya. Hesabu hii hairudi sifuri baada ya waya kubadilishwa. Kinachoangaliwa ni kama imeacha kupanda.

Neno “nzuri” linaloandikwa na programu halitoshi kumtuliza mtu. Utafiti wa kampuni ya Google uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba diski iliyopata kosa la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Utafiti huohuo ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote katika vipimo vinne muhimu zaidi. Kwa hiyo SMART ikilalamika isikilizwe, ila ukimya wake si dhamana.

Kufikia uamuzi

Hatua ya kwanza ni kunakili data, si kutafuta chanzo. Watu wengi hugeuza mpangilio huu: huanza na chkdsk au programu nyingine ya ukarabati, ambayo hulazimisha diski dhaifu kusoma na kuandika kwa saa nyingi, na diski hufia humo. Diski nzima ya GB 500 inayosoma MB 100 kwa sekunde hunakiliwa kwa saa moja na nusu hivi. Iliyo mgonjwa inaweza kuchukua siku kadhaa. Programu ya ddrescue huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuacha ngumu hadi mwisho. Tena huweka ramani ya ilipofikia, hivyo umeme ukikatika kazi huendelea pale iliposimama.

Baada ya nakala kuwa salama, diski inaweza kupimwa. Sekta chache zilizobadilishwa, ambazo hesabu yake haijapanda kwa wiki kadhaa, hazilazimishi kununua diski mpya, ingawa diski hiyo haifai tena kuwa mahali pekee pa kutunza hesabu za ofisi. Hesabu inayopanda kila wiki haina mjadala: diski ibadilishwe. Sekta zinazosubiri zinahitaji uangalifu, kwani umeme uliokatika katikati ya kuandika unaweza kuziacha bila sahani kudhurika. Diski ikiandikwa upya yote na hesabu ya namba 197 ikarudi sifuri bila namba 5 kupanda, inaelekea sahani ni nzima.

Kufomati hakuponyi sahani iliyokwaruzwa. Kuiweka diski kwenye friji, ushauri unaozunguka kwa miaka mingi, huleta unyevu ndani yake. Kuifungua kifuniko mezani ni vibaya zaidi, kwa sababu chembe ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi kati ya kichwa na sahani.

Diski ya mtumba na diski iliyotolewa

Anayenunua diski ya mtumba anaweza kuomba asomewe namba 9 ya SMART, yaani saa ambazo diski imewashwa. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760, wakati kompyuta ya ofisini inayowashwa saa 8 kwa siku 250 hufikisha saa 2,000. Diski yenye saa 40,000 kwa hiyo imefanya kazi ya miaka 20 ya ofisi, au karibu miaka 5 ya seva isiyozimwa, hata kama kasha lake linang'aa.

Diski iliyotolewa bado hubeba majina, alama na hesabu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Bara na mambo ya Muungano tarehe 1 Mei 2023, humtaka mwenye taarifa hizo azilinde. Kama diski bado inawaka, huandikwa upya yote kabla ya kuuzwa au kutupwa. Isiyowaka hutobolewa sahani zake kwa keekee.